Paka Alivyofundishwa Kukaanga Chipsi

Kinyozi alikuwa na domo, na domo ndilo lililomponza. Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao kwa muda, nyumba yake ikitengenezwa paa, na jioni moja mezani akagusia kwamba chipsi alizonunua njiani zilikuwa zimelala kwenye mfuko kama wagonjwa wodini. Alikuwa anazungumza tu, wala hakuomba kitu. Lakini kinyozi akakohoa, akajiweka sawa kitini.

"Mama, achana na chipsi za kununua. Kesho nitakukaangia mimi. Zangu zinalia mdomoni kama mtu anayetembea juu ya kokoto."

Mke wake, muuguzi, aliacha kutafuna. Tangu waoane hakuwahi kumwona mwanaume huyu akikaanga kitu zaidi ya yai, na hilo yai nusu yake lilibaki kwenye kikaango. Alitaka kumkosoa, akaendelea kula. Aibu ya mume ni aibu ya nyumba nzima, hasa mbele ya mama mzazi.

Kinyozi na mama mkwe wake waliheshimiana kiasi cha kutiana tabu. Wakikutana kwenye korido, kila mmoja alimpisha mwenzake, na wote wawili wakabaki wamebandikwa ukutani kama kalenda. Mama hakuwahi kumkosoa mkwe wake hata kwa neno. Akiwekewa chai isiyo na sukari, alisema, "Asante baba, ni nzuri," akainywa yote, macho yakimtoka.

Kesho yake saluni yake ilikuwa imefungwa, muuguzi akaenda kazini, nyumba ikabaki na watu wawili na paka mnene waliyemwita Bosi. Kinyozi akafunga aproni, akamenya viazi, akavikata, vingine vinene kama kidole gumba, vingine vyembamba kama njiti. Akamimina mafuta kwenye karai, na kabla hayajapata moto sawasawa akatumbukiza viazi vyote kwa mpigo.

Mafuta hayakusema kitu. Viazi vilikaa humo kama watu waliokwenda kuoga maji ya uvuguvugu. Alipoviopoa, vilining'inia kwenye uma kama kamba za viatu zilizonyeshewa. Akavipeleka sebuleni hivyo hivyo.

Mama akaonja. Akatafuna taratibu, ingawa hapakuwa na cha kutafuna.

"Asante baba," akasema. "Laini kweli. Hata mtu aliyeng'olewa meno leo asubuhi angefurahi."

Kinyozi akarudi jikoni masikio yakimwaka. Akajisemea kwamba tatizo ni moto, na kama tatizo ni moto, basi moto utapatikana. Akakata viazi vingine, akafungua gesi mpaka mwisho, akavitumbukiza. Safari hii mafuta yalifoka, maji ya viazi yakarusha matone ya mafuta mpaka kwenye kalenda ya ukutani, moshi ukajaa, ukatoka dirishani na kwenda kuwasalimia majirani. Fundi bomba wa nyumba ya pili akaingia mbio na ndoo ya maji mkononi.

"Usimwage!" kinyozi akapiga kelele. "Ni chipsi!"

Fundi bomba akachungulia kwenye karai, ambamo mlikuwa na vitu vyeusi. "Pole sana," akasema, kama mtu aliyefika msibani, akaondoka na ndoo yake. Kinyozi alikivunja kimoja: nje mkaa, ndani kibichi kabisa.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya mama mkwe kutoka sebuleni. Hakuwa akizungumza naye, la hasha. Alikuwa akizungumza na paka.

"Bosi, mjukuu wangu, ungejua! Kuna watu wanakata viazi na kuvitia moja kwa moja kwenye mafuta, bila hata kuvilowesha. Ule wanga wote wanaupeleka wapi?"

Kinyozi akasimama na mwiko hewani. Akafikiri. Kisha naye akainua sauti.

"Bosi! Hebu muulize bibi yako, hivyo viazi huwa vinaloweshwa mpaka lini?"

Sauti ya mama ikarudi: "Bosi, mwambie anayeuliza, mpaka maji yatulie safi, yasiwe kama uji. Na avikate vilingane, asikate kama anayekimbizwa."

Kinyozi alimenya vingine, akakata upya, akalowesha, akamwaga maji, akalowesha tena. Maji yalipoonekana safi akauliza, "Bosi, halafu?"

"Halafu avikaushe, Bosi. Vikavu kabisa! Kiazi kilicholowa na mafuta ya moto ni maadui."

Kinyozi alifuta viazi kwa kitambaa, lakini akaviona bado vinang'aa kwa unyevu. Ndipo akakumbuka kazi yake. Akaenda chumbani, akatoka na draya ya saluni ya kukaushia nywele, akaichomeka kwenye soketi ya jikoni. Mlio ulipoanza, paka alikimbilia chini ya kochi, na mama mkwe, akiwa amebaki bila mtu wa kumtuma, akanyanyuka kuja kuona mwenyewe.

Alimkuta mkwe wake ameinamia sinia la viazi, mkono mmoja draya, mkono mwingine kitana, akivigeuza kimoja kimoja kwa umakini, kama anamwandaa bwana harusi.

Mama alijizuia. Alijizuia tena. Kisha akaegemea mlango, akacheka mpaka akashika mbavu, na kinyozi, alipomwona hivyo, naye akaanza kucheka, draya ikipuliza dari.

"Lete huku," mama akasema akijifuta machozi. "Kidogo kidogo! Ukijaza karai mafuta yanapoa. Moto wa kati. Viive tu, visigeuke rangi. Sasa toa, vipumzike. Nimesema vipumzike, mbona unavishikashika? Ongeza moto. Haya, virudishe."

Mara hii mafuta yaliimba. Viazi vilibadilika rangi vikawa vya dhahabu, na vilipomwagwa kwenye sinia viligongana kwa mlio mkavu.

Muuguzi aliporudi kutoka kazini, alisikia kelele tangu getini.

"Chumvi inawekwa zikiwa za moto!"

"Mama, ngoja zichuje mafuta kwanza!"

"Zikipoa chumvi itashikia wapi, wewe mbishi?"

Aliacha mkoba barazani, akakimbilia ndani moyo mkononi. Mama yake akimwita mume wake mbishi! Aliwakuta wamekaa kwenye vigoda, magoti yakigusana na sinia, midomo inang'aa mafuta, kila mmoja ameng'ang'ania kopo la chumvi upande wake.

"Jamani, kuna nini? Mmegombana?"

"Shh," mama yake akasema. Akachukua chipsi moja, akaiuma karibu na sikio la binti yake. Kruu.

Muuguzi akamtazama mume wake, akatazama draya juu ya meza ya jikoni, akaona ni heri asiulize. Akanyoosha mkono kwenye sinia. Lilikuwa limebaki na vipande vitatu vilivyovunjika.

"Na mimi je?"

Mama akamgeukia mkwe wake. "Umesikia? Nyanyuka umenye vingine. Na safari hii ukate sawasawa."

"Mimi nimekata vya kwanza," kinyozi akasema. "Zamu yako, mama."

Muuguzi akavua viatu, akavuta kigoda, akawaachia wabishane.