Mufungeni Tena Mwanangu

Gereza la watoto, kule kwenye michikichi karibu na Kigwena, lilijengwa na Wabeleji ili kufundisha tabia njema. Thubutu! Lukeba wangu aliingia anajua kuiba bata tu. Wenzake wakamufundisha kufungua kila kufuli isipokuwa la gereza.

Uhuru ulipofika, watoto waliokuwamo walipangwa uani, wakaimbishwa, wakaambiwa nchi iko huru. Kisha wakafungiwa tena. Bendera ilibadilishwa, chawa wakabaki walewale. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya mwanangu, miaka kumi na saba, mwili wa baba yake. Ukimwona kwa nyuma unamwamkia.

Serikali haikuwalisha; mama ndiye mpishi. Kila nikipeleka ugali na visamaki vya ndagala, mkuu wa gereza, Bwana Casimir, anatia mkono kwanza.

"Napima kama iko sumu, Mama Lukeba."

Pima tu, na tumbo lako hilo! Nami namgombeza kila siku anirudishie mwanangu, kwani bata mwenyewe alikuwa amekonda.

Basi mwaka wa sabini na mbili, mwisho wa mwezi wa nne, waasi wakashambulia mji wetu wa Rumonge, wakaua watu. Jeshi likaja kulipiza, wala halikuchagua. Malori yakapita mtaani kuchukua wanaume na vijana. Jirani yangu alichukuliwa akioga, sabuni bado masikioni. Hakurudi yeye, hakurudi yeyote.

Wiki hiyohiyo Casimir akaniita langoni. "Furahi, mama. Leo namwachia."

Lukeba alisimama nyuma yake, kafunga vifungo vyote vya shati, meno yote nje. Mtu mzima kabisa. Nikaiona ile barabara ya kurudi nyumbani na malori yake.

"Usimwachie," nikasema. "Ameniibia hata mimi. Kuku zangu, na nguo za marehemu baba yake. Tena alikuwa ananipiga."

"Mama!" Lukeba akapiga kelele. "Wallahi sijakugusa! Mama, unanisingizia?"

Casimir akanitazama, akatazama barabara, akaacha kutafuna. Alielewa, mlafi yule. Simpendi mpaka leo, lakini Mungu ampe pepo.

"Kupiga mama ni kosa kubwa," akasema polepole. "Atakaa mpaka nione amejirekebisha."

Akamsukuma ndani. Mwanangu alinitukana matusi ya nguoni mpaka lango likafungwa. Jioni lori likasimama palepale, askari wakauliza ndani kuna nani. "Watoto takataka tu," Casimir akawajibu. Wakacheka, wakaondoka.

Kesho yake nikapeleka chakula. Lukeba akakimwaga chini kupitia dirisha, akapayuka kwamba yeye hana mama, mama yake ni mbwa. Nikakaa chini pale langoni, nikalia na kucheka pamoja. Mtaani kwetu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado na kijana wa kunitukana.