Maji ya Beseni

Tangu waoane, kila jioni Anouar akirudi kutoka gereji yake ya Buyenzi, Houda alimwekea beseni la maji na sabuni ya unga mlangoni. Mafundi wengine labda waliingia ndani na oili mikononi. Wa Houda haingii. Alimsugua kucha huku akilalamika, Anouar akicheka, maji yakitoka meusi tii. Ndivyo walivyopendana.

Kisha mimba ya kwanza ikaharibika, kwa kuwa walichelewa hospitali wakihangaika na pesa. Ilipoingia ya pili, Houda hakutaka kusikia la mtu. Leta, ndivyo wanavyoiita serikali, ilikuwa ikiajiri kwa wingi, na kazi ya Leta ina kadi ya matibabu. Anouar akaenda gereji ya Leta kule Kigobe shingo upande, gereji akamwachia mwenzake, Shakuru.

Kadi ilifanya kazi yake, tusiidhulumu. Siku Houda alipopasuliwa, hakuna aliyewauliza pesa. Ilyasi alitoka mzima, analia, na baba yake akalia kumshinda.

Tatizo likawa beseni. Houda aliliweka kama kawaida, Anouar akanawa kama kawaida, na maji yakabaki meupe. Mwanzoni Houda alifurahi kupumzika kusugua. Baadaye maji yale yakaanza kumtia uchungu.

"Kule munafanyaka nini?" alimwuliza.

"Tuko mafundi wengi, gari moja. Tunapiga soga, tunangojea saa ya kurudi." Anouar alicheka bila furaha. "Na Shakuru anarudisha bateja na magari yao, kazi imemuzidi."

"Basi rudi Buyenzi."

"Na mutoto akishikwa na homa? Apana, mama Ilyasi. Mi nitakaa tu."

Houda alimpenda kwa neno hilo. Lilimwuma pia, maana ni yeye aliyemsukuma kule.

Jumamosi, Leta ikiwa imefunga, alimfunga mtoto mgongoni, akaitoa ovaroli ya zamani sandukuni na kumtupia mumewe.

"Vaa. Shakuru anakungojea, nimeshamuambia. Jumatatu utarudi Leta, kadi tuko nayo. Sasa ninamutaka bwana yangu."

Jioni Anouar alirudi amechoka hoi, anapiga mluzi. Beseni lilikuwa mlangoni. Alipotumbukiza mikono, maji yakageuka meusi tii.

"Ona uchafu huu!" Houda alianza kulalamika, akasugua ukucha mmoja, akashindwa kuendelea. Akaishika tu ile mikono ndani ya maji, analia.