Kipimo cha Wote Wawili

Mama yangu, Apolonia, na pacha wake Veneranda, ambaye mimi namwita mama mkubwa, walizaliwa siku moja na sura moja. Tangu hapo mama anaamini mwili wao ni mmoja, umegawanywa tu. Kwa hiyo jicho lake la kushoto lilipoingia ukungu, hakwenda hospitali. Alimpigia simu mama mkubwa kule Mbeya.

"Vene, kapime macho. Ukiwa mzima, na mimi mzima. Twende wawili wa nini?"

Mama mkubwa akapima, akaambiwa macho yake hayana neno. Huku Mafinga mama alishangilia, huku akinimiminia chai nje ya kikombe. Jamani! Nikampigia mama mkubwa aje mwenyewe, maana mimi sisikilizwi.

Alikuja, tukampeleka mama Iringa. Daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa na ataona vizuri. Nilifurahi mno. Mama aliinama, akalia.

"Kwa nini mimi tu?"

Daktari alimweleza kwa upole kwamba hata pacha wa kufanana kila mmoja huzeeka kivyake. Pengine ni jua, pengine ni moshi, pengine bahati tu. Ni kweli mama amelima na kupikia kuni maisha yake yote, na mama mkubwa ameuza vitenge dukani, kivulini. Maelezo hayo ndiyo yalimchoma zaidi.

"Sipasuliwi," alisema. "Tumefanana mpaka uzee huu. Leo niwe na jicho la kupasuliwa, Vene hana? Sitaki."

Nilikaribia kumfokea, kisha huruma ikanishika. Hakuogopa kisu hata kidogo. Aliogopa kubaki peke yake.

Mama mkubwa hakubishana naye. Alimwomba nesi pamba na plasta, akaliziba jicho lake la kushoto, zima kabisa, mbele ya foleni nzima.

"Haya, Apo, tuko sawa. Ingia."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaingia.

Jioni tulikatiza sokoni. Walishikana mikono, kila mmoja na jicho lake moja, wakigonga matenga ya nyanya, na mimi nyuma yao nikiomba radhi.

"Kamwene," muuza vitunguu mmoja aliwasalimu. "Poleni, mama zangu. Ni ajali?"

"Hapana," mama mkubwa akajibu. "Tumezaliwa hivi."

Asubuhi nesi alimbandua mama plasta. Mama alipepesa macho, akamtazama pacha wake muda mrefu, mkunjo kwa mkunjo. Mama mkubwa bado alikuwa na plasta yake, amelala nayo.

"Vene! Kumbe tumezeeka hivi?"

"Hivi hivi."

"Mbona tumependeza," mama akasema, machozi yakimtoka. Kisha akanyoosha mkono, akaishika plasta ya mwenzake, akaibandua taratibu asimuumize.

"Na wewe uone."