Aliyenipa Ng'ombe

Maji ya mtaro ulio juu ya Nyabugogo yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na mafuta ya gereji za Gatsata yalielea juu yake. Nkusi aliinama ndani yake, suruali imekunjwa hadi magotini, akikata majani kwa mundu. Majani mengine hayakuwepo. Kila kipande cha ardhi kilimani kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na ukuta, na juu ya ukuta chupa zilizovunjwa. Basi mzee alikata yale ambayo kila mtu alikuwa ameyakataa, akayakung'uta matope, akajitwika mpaka kwake Rusekabuye, kilima cha nyuma, huku malori ya mawe yakimpulizia moshi usoni.

Ng'ombe hakuruhusiwa kutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: akae bandani, aletewe chakula kama mgonjwa. Zamani kilima kilikuwa cha ng'ombe, watu wakipita kwa kuwaomba njia. Sasa kilikuwa cha wenye magari, na ng'ombe akionekana barabarani ni aibu ya mji. Nkusi hakubishana na sheria. Mtu wa darasa la tatu abishane na nani? Kitu alichokuwa nacho duniani kilikuwa Bihogo, ng'ombe mwekundu aliyeiva kama tofali, mwenye mimba pevu. Ukoo wake ulianzia kwa yule ng'ombe ambaye wazazi wa mkewe, Mukagasana, waliwarudishia maharusi baada ya mahari, kama desturi inavyotaka. Mukagasana mwenyewe alikuwa amekufa. Alikufa juu ya benchi la hospitali akisubiri kuitwa jina lake, na wengi walioitwa mbele yake walikuwa wamefika baada yake.

Kiangazi kile bomba la kilimani lilikauka. Halikukauka lenyewe. Maji yalikuwa yamegeuzwa kwenda mahali pa kuoshea magari, mali ya shemeji wa Gratien, na Gratien ndiye aliyekuwa kiongozi wa kilima. Nkusi alibeba maji ya ndoo mpaka mgongo ukagoma. Bihogo alipoanza kulamba ukuta wa banda kwa kiu, mzee alimfunga kamba, akamteremsha alfajiri mpaka kijito cha bondeni. Bihogo alikunywa huku amefumba macho. Hata hakumaliza. Walinzi wa kilima wakawa wamefika, fimbo mkononi, wakamwambia mzee kwamba ng'ombe amekamatwa, yeye ashukuru Mungu hakukamatwa pamoja naye.

Gratien alimpokea uani mwa ofisi. Alikuwa na glasi ya maziwa, akinywa amesimama, akitembea nayo huku na huku, na akicheka matone yakidondoka kwenye kiatu. Nkusi alitazama pembeni. Kwao maziwa hunywewa umekaa, umetulia, kama mtu aliye kanisani. Mzee aliona mate yakimjaa kinywani, si ya njaa.

Wote wawili walikuwa wamekulia ukimbizini Karagwe, wakarudi nchi ilipofunguka, mmoja na mkoba wa shule, mwingine na ng'ombe. Gratien alipenda kukumbusha jambo hilo alipotaka kitu.

"Mzee Nkusi, wewe mtu wangu kabisa. Tumekunywa maji ya Karagwe pamoja. Lakini sheria iko sheria."

Nkusi alieleza habari ya bomba. Alieleza kiu. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mnyama mwenye mimba kubwa hawezi kukaa bila maji, hata kiongozi analijua hilo. Gratien alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ile ya mtu anayetazama mbwa akivuka barabara.

"Nikikurudishia hivihivi, kesho kilima kizima watafungulia ng'ombe njiani. Wataniuliza kule juu. Sasa sikiliza, muzee. Ijumaa wageni wanakuja, tunagawa ng'ombe kwa wasiojiweza. Wewe mjane, huna mtu. Nitakupa Bihogo mbele yao. Utashika kamba, utanishukuru kiume, unaenda zako na ng'ombe wako. Nani ataongea?"

"Na atakuwa wangu?"

"Wa nani tena?"

Hapo ndipo Nkusi alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Kwao, anayepewa ng'ombe hasemi asante akaondoka. Husimama, akapaza sauti, akamtaja mtoaji kwa jina: *yampaye inka*, fulani alinipa ng'ombe. Tangu siku hiyo huapa kwa jina hilo, akikanusha, akilia, hata akiota. Neno hilo likishatoka mbele ya watu lina nguvu kuliko mhuri. Mukagasana angelikuwapo angemziba mdomo kwa kiganja. Lakini nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa akisikia ng'ombe wake analia nyuma ya ofisi. Alijiambia kwamba maneno ni upepo, kamba ndiyo kitu. Akakubali.

Ijumaa ilifika na mahema, viti vya plastiki, na binti mmoja wa ofisi aitwaye Aurore, mwenye simu kubwa, aliyewapanga maskini kwa urefu. Bihogo alikuwa ameoshwa, amefungwa utepe shingoni. Alipomwona Nkusi alivuta kamba. Wageni walipenda sana jambo hilo. Gratien akahutubia kuhusu mapenzi ya viongozi kwa wanyonge, kisha akaweka kamba mkononi mwa mzee, naye Nkusi akafumba macho, akaita kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu mazishi:

"Yampaye inka Gratien."

Kilima kilipiga makofi. Ambrose, jirani yake wa miaka mingi, mtu aliyewahi kushika miguu ya Bihogo siku anazaliwa, alipiga makofi pamoja nao.

Wageni walipokwisha kupanda magari, walinzi waliichukua kamba tena. Nkusi alidhani wanamsaidia. Wakampandisha Bihogo kwenye kipikapu, na Gratien, akiwa amelegeza tai, akamweleza mzee taratibu kama anayemsomea mtoto. Ng'ombe wa kupewa ana masharti yake. Banda la Nkusi halina sakafu ya saruji. Mpaka ajenge, ng'ombe atatunzwa kwenye shamba la mtoaji, huko Kabuga. Na ndama wa kwanza wa kike, kama kila mtu anavyojua, hurudi kwa aliyetoa. Hiyo ni desturi ya mababu, hakuitunga yeye.

"Huyu ni ng'ombe wangu," Nkusi alisema. "Alizaliwa kwangu."

Gratien hakukasirika. Hilo ndilo lililomchefua mzee kuliko yote baadaye, kwamba hakukasirika hata kidogo.

"Ijumaa hiihii umesema nani amekupa? Watu wamesikia. Wageni wamesikia. Sasa niambie, mzee wangu: mtu hupewa kitu alicho nacho?"

Nkusi alienda kwa Ambrose kumwomba aseme alichokijua. Ambrose hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni akichokonoa meno kwa kijiti, akisema kwamba kweli, Bihogo alizaliwa kwa Nkusi, yeye mwenyewe alimvuta. Lakini ulimtaja mtu, Nkusi. Ulimtaja kwa jina. Mwanamume hataji jina halafu akalitapika. Na tena, akaongeza huku akitazama barabarani, mimi nina watoto kilimani hapa, na bomba wamesema litafunguliwa upande wangu.

Nkusi alienda ofisi iliyo juu ya Gratien, na ya juu ya hiyo. Kote walimwuliza jambo lilelile, wengine kwa kicheko, wengine wakiwa wanakula. Mwishowe ujumbe ulimfikia kutoka kwa Gratien mwenyewe, kupitia kwa mlinzi: mzee amepewa ng'ombe na mpaka leo hajaja kushukuru. Pombe ya shukrani haijaonekana. Mtu asiyeshukuru atafikiriwaje? Akija vizuri, kama mtu mwenye kabila na kwao, huenda suala la sakafu likatazamwa upya.

Nkusi alikaa na maneno hayo. Kisha akauza mundu na kitanda alichougulia Mukagasana mpaka walipompeleka kwenye lile benchi, akanunua dumu la pombe ya ndizi, akaenda Kabuga.

Shamba lilikuwa na ukuta mrefu. Ndani kulikuwa na banda la saruji, bomba la maji likitiririka bure, na wanaume wa ofisi kwenye viti, wamekwisha kunywa. Walimkalisha Nkusi kwenye benchi la chini, kama anavyokaa mshukuruji, dumu lake katikati ya miguu yao. Walionja, wakakunja nyuso, wakaendelea na bia zao.

Bihogo alikuwa amezaa. Ndama jike alikuwa amefungwa mbali, na mama yake alikuwa amekonda, mbavu zikihesabika chini ya ngozi, kinyesi kimemkaukia mapajani. Nkusi alipokohoa tu, kabla hajasema neno, ng'ombe aligeuza kichwa. Akalia. Akausukuma ubao wa banda kwa kifua, na maziwa yakaanza kumchuruzika yenyewe kutoka kwenye chuchu, yakiingia kwenye samadi.

Wanaume wakacheka kwa furaha. Mmoja alisema ona, hata mnyama anajua kushukuru.

"Simama sasa, mzee," Gratien alisema.

Nkusi akasimama. Aurore alinyanyua simu, akarudi hatua moja nyuma ili banda nalo lionekane, akamwomba asogee kulia, amwonyeshe mnyama, atabasamu kidogo. Mzee akafungua kinywa. Maneno mawili ya kwanza yalitoka. La tatu halikutoka.

"Jina halijasikika," Aurore alisema, kwa upole, bila kuteremsha simu. "Rudia, muzee. Ile ya mwisho. Jina."

Nyuma ya mzee ng'ombe aliendelea kulia. Gratien alikuwa amesimama mbele yao wote, glasi mkononi, povu jeupe la maziwa ya Bihogo likiwa bado juu ya mdomo wake, akingoja kuitwa.