Nday Alibaki Mwenyewe

Séphora aliporudi Kamina kwa likizo, alishuka garimoshi na mikeka sita ya mpira, kila mmoja na rangi yake. Baba yake, mwalimu mstaafu Manassé Monga, alidhani ni ya kuuza. Kumbe binti alikuwa siku hizi anafundisha yoga huko Lubumbashi, sebuleni kwa wake wa wakubwa.

"Papa, haiko michezo tu," alimweleza. "Bantu ba zamani kule Inde balitafuta kitu kimoja: muntu aache ile 'minyi, minyi' yake, kusema 'mimi' kila saa. Anyamaze mupaka abakie hana jina."

Manassé aliitikia kwa kichwa, lakini maneno yalimchoma. Mtu asiye na jina, yeye Manassé alikwisha kumwona. Alikuwa dada yake.

Nday, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa kilumbu, mmoja wa wale ambao roho za wazee huwashika na kusema kwa vinywa vyao. Watu walimletea wagonjwa na ugomvi wa ndoa. Wanawake waliimba, yeye akajipaka pemba, ule udongo mweupe, usoni, macho yakaenda mbali, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Roho ilipomwachia, aliuliza watu wamekula nini. Hakukumbuka neno hata moja, wala hakutaka kusifiwa, kwa sababu hakuwepo.

Siku moja, miaka thelathini iliyopita, Manassé alikusanya vibuyu vyake, njuga na pemba, akavichoma nyuma ya nyumba mbele ya mchungaji. Alisema ni kwa ajili ya Mungu. Nday hakupiga kelele. Alibatizwa, akaanza kwenda kanisani pamoja na wengine.

Jumamosi ile Séphora aliomba darasa katika shule ya zamani ya baba yake, akasukuma madawati ukutani, akaalika akina mama wa mtaa. Alimwalika na shangazi yake. Manassé alikaa mlangoni akatazama.

"Tantine, funga macho," Séphora alisema kwa sauti laini. "Acha mwili wote. Weye hauko Nday tena. Hauko kitu."

Nday alilala chali juu ya mkeka wa bluu, mikono wazi, mdomo ukitetemeka kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu hata wenzake walipokwisha kuinuka. Séphora akampiga picha kwa simu.

"Ulisikia nini, Tantine?"

"Mugongo," Nday alijibu, na wanawake wakacheka. Naye alicheka. Kisha akasema polepole, "Nilingojea. Hapana muntu alikuya."

Séphora hakuelewa. Manassé alielewa, akainuka.

Alimsindikiza dada yake nyumbani kwa miguu. Walipovuka reli, alishindwa kunyamaza zaidi.

"Yaya, ile siku nilichoma bintu byako, nilisema ni juu ya Mungu. Nilidanganya. Balikuwa banatafuta directeur wa masomo. Niliogopa baseme dada ya Manassé iko mulozi."

Nday alisimama, akakaza kitambaa chake kichwani. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Kisha ya juma mbili ulipata ile kazi. Bote tulijua."

Wakatembea tena. Pikipiki ilipita ikiwarushia vumbi, Nday akangoja litulie.

"Wakati ile roho alikuwa anakuya," akasema, "minyi sikuwa. Nilipumuzika. Njala, ule bwana alinikimbia, batoto nilizika, byote bilikuwa bya Nday mwingine. Ukachoma, nikabakia na minyi tu. Asubuyi minyi, mangaribi minyi. Inachokesha, Manassé."

"Banasema kule Kabondo-Dianda iko kilumbu mupaka leo. Tunaweza kwenda, nikupeleke."

"Unazani roho iko muntu wa kuita ku telefone?" Alimshika mkono, kwa upole uliomwumiza zaidi ya tusi. "Nilikusamehe zamani. Lakini kusamehe hairudishe kitu."

Manassé aliporudi kwake, Séphora alimwonyesha picha. Alikwisha kuituma mtandaoni, na watu wengi walikuwa wamesifu. Chini aliandika kwamba shangazi yake wa Kamina amejifunza kuachilia nafsi.

"Toa," Manassé alisema.

"Juu ya nini, Papa? Iko muzuri."

Alitaka kumkaripia, akakumbuka moto nyuma ya nyumba. Akaketi, akamwambia yote: vibuyu, mchungaji, kazi ya udirekta. Hakujitetea hata kidogo. Séphora alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifuta picha bila kuambiwa mara ya pili.

"Nilienda kutafuta ku bantu ba mbali," alisema, machozi yakimlengalenga, "na Tantine alikuwaka hapa kwetu, ku lupango yetu. Angelinifundisha?"

"Angelikufundisha," baba yake alijibu.

Séphora alikunja mikeka mmoja mmoja. Manassé alitaka kumsaidia, lakini hakujua ikunjwe vipi, akabaki ameketi.