Uzito wa Muuza Ndoo

Saa moja na nusu asubuhi mwendesha lifti wa hospitali alisaini daftari la mahudhurio, akafuta vumbi kwenye vitufe kwa kitambaa cha njano, akaketi kwenye benchi lake. Lifti ilikuwa haijatikisika kwa miaka sita. Kliniki ya mifupa ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi sitini na sita kwenda juu, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini wenye miguu mibovu ndio waliopangiwa huko. Watu walimwita Mzee Lifti, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania. Mkewe alizoea kusema mumewe kaajiriwa kukaa, na utani huo ulimchoma kuliko alivyoonyesha.

Jumatatu hiyo alikuja mama mmoja muuza ndoo za plastiki, mnene, goti limefura. Alizitazama ngazi, akageuka kurudi nyumbani. Tangu mwaka uanze alikuwa ameshageuka hivyo mara nne.

"Niachie uzito wako, mama," alisema Mzee Lifti. "Ukishuka utaukuta."

"Wote?"

"Bakiza wa kukanyagia."

Yule mama akamwekea mapajani kilo themanini na saba, akabaki na mbili, akapanda huku ameshika ukingo asije akapeperuka. Mzee Lifti aliguna. Uzito ulikuwa na joto, tena ulielemea kushoto, upande ambao mama huyo alibebea watoto wake wote. Aliushikilia saa nzima bila kujikuna hata pua. Miaka sita alikuwa akipokea salamu tu. Leo magoti yalimtetemeka kwa kazi, na furaha ikamjaa mpaka akaona haya kidogo.

Mama aliposhuka aliuvaa tena, akajipapasa kiunoni.

"Mbona kama umepungua?"

"Sijaugusa, mama. Labda ni ngazi."

Habari hazikukawia kuenea. Kufikia Ijumaa foleni ilifika getini. Mzee Lifti alianza kutoa vikaratasi vya namba, maana Jumatano fundi cherehani aliondoka na uzito wa fundi mwashi, akashinda anavunja sindano. Nyumbani, mkewe alimkanda mapaja kwa maji ya moto.

"Utavunjika, mume wangu."

"Nikivunjika, kliniki naijua iliko."

Mke alicheka, na tangu siku ile hakusema tena habari za kuajiriwa kukaa.

Katibu wa hospitali naye alishuka kujionea. Alitazama foleni inavyosonga, akafungua sanduku la maoni, akakuta halina lalamiko hata moja. Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa ukutani. Mzee Lifti alipongezwa kwa moyo wake wa kujitolea. Matengenezo ya lifti yalifutwa kwa kuwa hayahitajiki tena, na chumba cha lifti kingetumika kuhifadhi mafaili.

Muuza ndoo alirudi kufanyiwa upasuaji. Goti lilikuwa limeoza kwa ndani. Daktari alisema angewahi miezi mitatu tu, lingekuwa jambo dogo. Alimwachia Mzee Lifti uzito wake, akachukua kikaratasi namba kumi na moja, akapanda. Hakushuka. Aliteremshwa kwa ngazi za nyuma na mhudumu mmoja tu, kwa mkono mmoja.

Jioni binti yake alifika na kile kikaratasi, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua vya mama."

"Marahaba. Una wako wa kubeba, mwanangu. Huu niachie mimi."

Binti aliupapasa uzito wa mama yake pale mapajani, akalia, akamkabidhi kikaratasi, akaenda kuzika.

Kesho yake Mzee Lifti aliinuka nao. Alipanda ngazi arobaini na nne mpaka ofisi ya Katibu, anapumzika kila kona, jasho linamchuruzika, hasira ndiyo inayomsukuma. Akautua mezani pamoja na kikaratasi chake. Meza ikapinda.

"Huyu ni nani?" aliuliza Katibu.

"Muuza ndoo. Lifti ingefanya kazi angetibiwa mapema. Nataka lifti, bwana."

Katibu alikisoma kikaratasi, akakigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akasema suala litajadiliwa. Kisha akaomba mzigo uondolewe, kwani meza ile ni ya kufanyia kazi.

"Kesho nitauleta tena," alisema Mzee Lifti.

"Kesho nina kikao."

"Basi nitauleta kikaoni."

Aliuleta. Aliuleta na keshokutwa yake, na kila asubuhi iliyofuata, mpaka kikaratasi kikakosa mahali pa muhuri, ikabidi waanze kugonga nyuma. Meza ya Katibu ilibadilishwa, ikaletwa ya chuma. Chumba cha lifti kilijaa mafaili hadi darini.

Kila akishuka, foleni humpisha. Huketi, akauweka uzito wa muuza ndoo kwenye paja la kushoto, na hasira aliyotoka nayo juu huwa bado inachemka. Asubuhi moja wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye magongo, aliyesimama akiona aibu kumwongezea mtu mzigo. Mzee Lifti alimwona, na ile furaha ikampanda palepale, juu ya hasira, zikakaa zote mbili.

"Njoo, mwalimu," alisema, akilipiga paja la kulia. "Huku bado pana nafasi."