Viganja Mgongoni mwa Kajuju

Jumapili baada ya ibada, Kajuju aliinua birika la chai, akapepesuka, na chai ikamwagikia viatu vya mchungaji. Haikuwa mara ya kwanza. Mumewe alipokufa, shemeji yake Kailemia alichukua shamba la ndizi na kumwachia kijisehemu kando ya mfereji. Tangu hapo Kajuju hutembea akiyumba, na pombe hajawahi kuionja.

Karimi, mwenyekiti wa akina mama, alimpokonya birika. “Anastagger tena. Huyu amelewa. Chai igawanywe na mtu mwingine.”

“Nusa mdomo wangu,” Kajuju akasema. Hakuna aliyetaka kunusa.

Mwalimu Riungu, anayefundisha Kiingereza na hawezi kuacha neno lipite bila kuliuliza kwao ni wapi, aliweka kikombe chini.

“Hiyo stagger ilitoka kaskazini mwa Ulaya,” akasema. “Siku hizi ni kuyumba tu. Lakini mwanzo wake ni kusukuma. Kusukuma mtu tena na tena.”

Alipotamka kusukuma, viganja viwili vya tope vikatokea mgongoni mwa Kajuju, gauni likabonyea, naye akaenda mbele hatua moja. Mwalimu alisubiri atulie, kisha akaeleza jinsi neno lilivyofika Uingereza.

Akina mama walivitazama viganja. Cha kushoto hakikuwa na kidole cha mwisho. Mji wetu mzima wa Mitunguu unajua kidole hicho kilikatwa na mashine ya nyasi za ng'ombe, na kwamba kilikuwa cha Kailemia. Kailemia, aliyeketi benchi la mbele, alihamishia mandazi mkono wa kulia na kutia wa kushoto mfukoni.

“Kumbe si pombe,” Karimi akasema. “Woi, Kajuju, pole sana. Tusamehe.”

Walimhurumia kweli, tusiwaonee. Walichanga pesa za uzi, wakamfumia sweta nzito ya kufunika mgongo, watoto wasije wakauliza maswali.

“Na shamba?” Kajuju akauliza siku ya kuvalishwa.

Karimi alimfunga vifungo mpaka shingoni. “Birika tumekurudishia,” akasema.

Sasa Kajuju hugawa chai ndani ya sweta, katika joto la Mitunguu, jasho likimtoka. Akianza kuyumba, mmoja wao humshika kiwiko. Akifika kwa Kailemia humjazia kikombe, naye hukipokea kwa mkono wa kulia.